Kupima Kiinitete Kabla ya Mimba: Habari kwa Wazazi wa Kuruwitu

Wewe mwenye minazi hapa Kuruwitu, au Vipingo, au Takaungu, waijua taabu ya mnazi. Mnazi mrefu hauzai mpaka upate miaka 6 au 7, na siku unapochimba shimo la kuupanda haukwambii kama utakuwa mzuri au mbaya. Kwa hiyo watu wanaozalisha miche ya chotara, yaani mnazi mfupi wa manjano uliotiwa chavua ya mnazi mrefu, wana njia yao. Hawangoji nazi. Hutazama kitaluni rangi ya kikonyo cha majani ya kwanza. Mche wenye kikonyo cha manjano tupu umetokana na mnazi mfupi peke yake, nao hung'olewa. Ule wenye rangi iliyoelekea hudhurungi ndio chotara, nao hupelekwa shambani.

Kujua mapema, kabla ya kupanda, ndiyo habari ya makala haya. Ila leo sisemi habari za minazi, nasema habari za watoto wetu.

Wataalamu wa uzazi siku hizi waweza kukitazama kiinitete cha binadamu, yaani kile kitu kidogo kinachotokea yai la mama likiungana na mbegu ya baba, kikiwa na umri wa siku 5 tu na kingali ndani ya kisahani cha maabara, wakajua kama mtoto atakayetokana nacho atakuwa na ugonjwa fulani wa kurithi au hatakuwa nao. Kisha hukitia katika mji wa mimba kile kisicho na ugonjwa. Pengine utauliza, gazeti la wakulima lina kazi gani na mambo hayo? Jibu ni kwamba upo ugonjwa mmoja wa kurithi ambao pwani hii yetu umejaa kuliko sehemu nyingi za Kenya, nao ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Nyumba nyingi huku zinaujua kwa kilio.

Ugonjwa wenyewe

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe nyekundu, na ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni. Chembe ya kawaida ni mviringo na laini, hupita katika mishipa myembamba bila shida. Mtu mwenye selimundu, hemoglobini yake hushikamana na kuifanya chembe ijikunje kama mundu wa kukatia nyasi. Chembe hizo hukwama katika mishipa, na hapo ndipo mtoto hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, vidole vya mikono na miguu humvimba akiwa bado mchanga, macho huwa ya manjano, na damu humpungua. Tena bandama lake hushindwa kazi mapema, kwa hiyo maradhi ya vijidudu humshinda upesi.

Sababu ya yote hayo ni kosa dogo mno. Maagizo ya kutengeneza hemoglobini yameandikwa katika vinasaba, vile ambavyo katika kesi za mahakamani mmesikia vikiitwa DNA. Mahali pamoja, katika kromosomu ya 11, herufi moja imebadilika. Mwaka 1956 na 1957 mtaalamu Vernon Ingram, huko Cambridge katika Uingereza, alionyesha kwamba tofauti ya hemoglobini hii na ile nzima ni punje moja tu katika mnyororo mrefu. Ni kama barua ya shamba iliyokosewa tarakimu moja ya namba ya ploti. Barua ni nzuri, mhuri upo, lakini shamba si lako.

Kwa nini basi imekuwa sisi wa pwani? Jambo hili liligunduliwa hapa hapa katika nchi yetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali kuanzia mwaka 1949, akaona kwamba walio na alama ya selimundu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini katika nyanda za juu zenye baridi karibu hawapo. Akafikiri: pwani na ziwani kuna malaria, milimani hakuna. Mwaka 1954 alichapisha uthibitisho wake kwamba mtu aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Uchunguzi uliofanywa Kilifi katika miaka ya baadaye ulionyesha kuwa kinga hiyo dhidi ya malaria kali ni kubwa kweli, kama tisa katika kumi. Basi kwa vizazi vingi mbu ndiye aliyekuwa akituchagulia. Waliokuwa na alama walipona utotoni wakazaa, wengine walizikwa.

Lakini kinga hiyo ina gharama yake. Mtoto aliyerithi alama kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Wala asidhaniwe kuwa amekingwa maradufu: yeye akipata malaria huwa katika hatari kubwa zaidi. Watafiti wa KEMRI Kilifi waliwapima watoto wachanga 15,737 wa sehemu hizi, na wakakuta 128 wana selimundu. Hesabu hiyo, iliyochapishwa mwaka 2019, ni karibu mtoto mmoja katika kila 120. Hesabu mwenyewe watoto wa shule yenu ya msingi wangapi wangekuwa, na uwaone wangapi wamefika darasani.

Maharage mekundu na meupe

Katika karatasi ya majibu ya damu utaona herufi mbili. AA ni mtu asiye na alama. AS ni mwenye alama kwa mzazi mmoja. Huyu si mgonjwa, hulima, hubeba gunia, na wengi hawajui kuwa wanayo. SS ni mgonjwa. Herufi moja hutoka kwa baba, na moja kwa mama.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua bakuli mbili. Katika kila bakuli tia haragwe moja jeupe na moja jekundu. Bakuli moja ni baba mwenye AS, na ya pili ni mama mwenye AS. Fumba macho, utoe haragwe moja katika kila bakuli, uandike ulichopata, kisha uyarudishe. Fanya hivyo mara 40. Utaona kwamba mara 10 hivi umetoa mekundu mawili, mara 10 hivi meupe mawili, na zilizobaki ni mchanganyiko. Waambie watoto wako wanaosoma wakufanyie. Watafurahi, na wewe utaelewa upesi kuliko maneno yangu.

Jambo moja hasa ulione katika mchezo huo. Ukitoa mekundu mawili mara ya kwanza, bakuli hazikumbuki. Mara ya pili nafasi ni ile ile, moja katika nne. Wapo wazazi husema, tumepata mmoja mgonjwa, sasa watatu wajao watakuwa wazima. Si hivyo. Wengine wamepata watatu wagonjwa mfululizo, na jirani yao mwenye damu kama yao amezaa wanne wasiougua hata mmoja.

Na jambo la pili, nalo nalisema kwa nguvu, kwa maana nimelisikia mara nyingi mno dirishani pa ofisi na barazani. Mtoto akiugua, mama ndiye husemwa. Husemwa ana mkosi, husemwa kwao kuna mizimu, na nyumba nyingine humrudisha kwao na kuoa mke mwingine. Rudi kwenye bakuli zako: haragwe jekundu moja limetoka kwa baba. Bila lile la baba mtoto hangeugua. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya mtoto wa SS anajifukuza nusu yake mwenyewe, na akioa mke wa pili pasipo kupima damu, huenda akayakuta yale yale. Hapana mchawi hapa, wala nyanya mzee wa kusingiziwa.

Njia ilivyofunguliwa

Kazi ya kuhamisha kiinitete haikuanza kwa watu. Mwaka 1890 Walter Heape alitoa viinitete vya sungura mmoja akavitia kwa sungura mwingine, vikazaliwa. Wafugaji wa ng'ombe waliifuata njia hiyo, na ndama wa kwanza wa namna hii alizaliwa Marekani mwaka 1951. Mwaka 1968 Robert Edwards na Richard Gardner walichukua chembe chache za kiinitete cha sungura, wakatambua kama ni dume au jike, kisha wakakirudisha tumboni, na sungura walipozaliwa ikaonekana wametambua sawasawa. Huyo Edwards ndiye ambaye, pamoja na Patrick Steptoe na Jean Purdy, alifanikisha kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Nairobi mwaka 2006.

Kumpata mtoto kwa maabara ni jambo moja. Kusoma vinasaba vyake akiwa chembe chache ni jambo jingine. Chembe moja ina vinasaba vichache mno hata haviwezi kupimwa. Ufumbuzi ulitoka Marekani, kwa njia ya kunakili vinasaba aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983. Njia hii huchukua kipande kimoja na kukifanya viwili, vile viwili vikawa vinne, na kuendelea. Mwalimu yeyote wa hesabu atakwambia ukiongeza maradufu mara 10 unapata 1,024. Mara 20 unapita milioni moja. Mara 30 unapita bilioni moja. Kazi hiyo mashine huifanya kwa muda wa saa chache. Na iwe habari kwako, msomaji wa Kilifi, kwamba ugonjwa wa kwanza kutumiwa kuijaribu njia hii katika maandishi ya wataalamu, mwaka 1985, ulikuwa selimundu yenyewe.

Mwaka 1990 Alan Handyside na wenzake wa Hospitali ya Hammersmith, London, walitangaza mimba za kwanza za binadamu zilizotokana na viinitete vilivyopimwa. Wazazi wale walikuwa na magonjwa yanayowapata watoto wa kiume tu, na wataalamu walichagua viinitete vya kike. Mwaka 1999 madaktari wa New York waliandika habari za mume na mke, wote wawili AS. Jaribio lao la kwanza halikushika. La pili lilishika, na mama akajifungua mapacha wasio na selimundu.

Kazi ilivyo ndani ya maabara

Sasa nikueleze hatua kwa hatua, maana jambo lisiloelezwa ndilo hugeuka uvumi.

Kabla ya yote, maabara hupima damu ya baba na mama, na mara nyingi ya mtoto mgonjwa aliyepo, au ya babu na nyanya. Hawatafuti ile herufi ya S peke yake. Hutafuta pia alama nyingine zilizo jirani nayo katika kromosomu. Kazi ya alama hizo ni kama bikoni za shamba lako la skimu: bikoni moja ikifukiwa au ikang'olewa, mpimaji hutazama zile za jirani, akajua mpaka ulipita wapi. Baadaye utaona kwa nini bikoni hizo zinahitajika.

Kisha mama hudungwa sindano kila siku, kwa muda wa siku 10 au 12 hivi. Kwa kawaida mwanamke hukomaza yai moja kwa mwezi. Sindano hizo hukomaza mengi kwa pamoja. Daktari humtazama mara kwa mara kwa mashine ya picha, kwa sababu wakati mwingine mifuko ya mayai huvimba kupita kiasi, na hiyo ni hatari ya kweli. Mayai yakiwa tayari mama hulazwa usingizi mfupi, na sindano ndefu huongozwa na ile picha mpaka yalipo, yakavutwa nje. Hapana kupasuliwa tumbo.

Katika kutungisha, mtaalamu huchagua mbegu moja ya baba na kuidunga ndani ya yai kwa sindano ya kioo, akiangalia kwa darubini. Kwa nini asimwage mbegu nyingi zikajitafutia? Kwa sababu mbegu nyingine hunata katika ganda la yai, na kesho ukinakili vinasaba utanakili vya mbegu iliyonata badala ya vya kiinitete. Ni kama kupima gunia la mahindi wakati ghala zima limemwagika juu ya mizani.

Viinitete hukaa katika kabati lenye joto la mwili, digrii 37. Siku ya pili kila kimoja huwa na chembe 4 hivi, siku ya tatu 8, na siku ya tano huwa ni mpira mdogo wenye chembe zaidi ya 100 na maji katikati. Hapo chembe zimekwisha kugawana kazi. Fungu dogo la ndani litakuwa mtoto, na ukuta wa nje utakuwa kondo la nyuma. Zamani, katika miaka ya 1990, walichukua chembe moja siku ya tatu, nayo ni kubwa kwa kitu chenye chembe 8. Siku hizi wengi hungoja siku ya tano, wakatoboa ganda kwa mwanga mkali wa leza, na kwa mrija mwembamba kuliko unywele wakavuta chembe kama 5 hadi 10 za ule ukuta wa nje. Fungu la mtoto haliguswi.

Wewe unayepeleka mahindi sokoni umemwona mnunuzi akichoma gunia kwa bambo. Hatoi mahindi yote. Hutoa kiganja kimoja, akakitazama, akajua gunia. Ndivyo ilivyo hapa, na gunia halipungukiwi na kitu cha kuhesabika.

Chembe zile hupelekwa kupimwa. Kiinitete chenyewe hugandishwa upesi na kuwekwa katika naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Mtungi wa naitrojeni si mgeni kwenu: ndio ule ule abebao mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, na kituo cha serikali cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946, huhifadhi mbegu za madume. Majibu yakija, kiinitete chenye AA au AS huyeyushwa na kutiwa katika mji wa mimba kwa mrija laini. Nasema AA au AS kwa makusudi. Mwenye AS si mgonjwa, na kumtupa ni ujinga. Baba yake na mama yake ni AS, nao wanalima.

Pale panapokosewa

Usije ukadhani ni njia isiyokosea. Wakati wa kunakili, pengine nakala ya herufi moja hukataa kutoka. Kiinitete cha AS kikapoteza S yake, kikaonekana AA: hapo si hasara kubwa. Lakini kosa la namna nyingine likiingia laweza kumpa mama mtoto mgonjwa huku karatasi inasema mzima. Hapa ndipo zile bikoni zinapofanya kazi. Zikisema tofauti na herufi, maabara hukataa kutoa jibu. Na hata jibu likiwa zuri, madaktari hushauri mimba ipimwe tena, kwa maji yanayomzunguka mtoto, kama walivyofanya wale wa New York.

Tena upungufu ni mkubwa njiani. Mfano ulio wazi ni wa vifaru weupe wa kaskazini, waliobaki wawili tu duniani, Najin na binti yake Fatu, katika hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki. Tarehe 22 Agosti 2019 walitolewa mayai 10, yakapelekwa kwa ndege mpaka maabara ya Cremona, Italia. Yaliyokomaa yalikuwa 7. Viinitete vilivyopatikana vilikuwa 2. Binadamu hupata zaidi ya hapo, lakini mwendo ni ule ule: katika mayai 10 mazuri huenda 7 yakatungika, na 3 au 4 yakafika siku ya tano. Ondoa robo kwa ajili ya SS. Vile vilivyobaki navyo, si kila kimoja hushika tumboni, na umri wa mama ukizidi nafasi hupungua.

Yako na maswali ambayo si ya daktari peke yake. Kiinitete cha SS hufanywaje? Wako wacha Mungu, Waislamu na Wakristo, wasiokubali kitupwe, na wako wasemao kuwa kabla ya kuingia tumboni bado si mtu. Mimi siwaamulii, mume na mke wakae na viongozi wao wa dini kabla ya sindano ya kwanza, si baada yake. Lakini jambo moja nalikataa bila kusitasita, nalo ni kutumia kipimo hiki kuchagua watoto wa kiume. Kipimo kiliwekwa kwa ugonjwa, na kuwa binti si ugonjwa.

Nani aweza kukipata

Nikwambie kweli, ili usiuze ng'ombe bure. Hospitali yetu ya kaunti, Kilifi, haifanyi kazi hii. Ni kazi ya kliniki za uzazi za watu binafsi katika miji mikubwa, na mara nyingi chembe hutumwa nchi za nje kupimwa. Kutungisha mimba nje ya mwili peke yake hugharimu laki kadhaa za shilingi kwa jaribio moja, na kipimo ni juu ya hapo. Shamba la ekari chache la skimu halitoi fedha hizo katika msimu mmoja, wala misimu mitano. Akija mtu kijijini akakwambia atakupangia jambo hili kwa bei nafuu, umpe arabuni, mwulize jina la daktari na la kliniki, kisha mfuate daktari mwenyewe. Na yule auzaye dawa ya chupa ya kusafisha S katika damu, huyo hata usimkaribishe uketi naye. S haisafishiki kwa kunywa. Ni kweli kwamba Novemba 2023 Uingereza iliruhusu tiba ya kurekebisha vinasaba vya mgonjwa wa selimundu, lakini hiyo ni kazi ya hospitali kubwa na bei yake hata matajiri huikimbia.

Kilicho karibu nawe ni kipimo cha damu. Kijana wako akitaka kuoa, na binti yako akiposwa, wapimwe wote wawili mapema, kabla mahari haijakubaliwa na kabla watu hawajajua, maana baada ya hapo aibu huwafunga midomo. Saudi Arabia, ambako ugonjwa huu upo pia, tangu mwaka 2004 imeamuru wachumba wote wapimwe kabla ya ndoa; hawakatazwi kuoana, ila huingia wakijua. Majibu yakiwa AS na AA, hapana mtoto wa SS. Yakiwa AS na AS, nafasi ni ile ya bakuli, na uamuzi ni wao. Wakiamua kuoana, wasilaumiwe na mtu. Ila mtoto apimwe mara azaliwapo.

Kwa maana mtoto wa SS aliyejulikana mapema si sawa na yule aliyejulikana siku alipozidiwa. Yule wa kwanza hupewa penisilini kila siku mpaka atimize miaka 5, dawa ya kukinga malaria, asidi ya foliki, na chanjo zake zote, na hulala ndani ya chandarua. Hufundishwa kunywa maji mengi na kutonyeshewa. Iko pia dawa ya haidroksiyurea. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 katika miji minne ya Afrika, na Kilifi ilikuwa mmojawapo, pamoja na Mbale, Kinshasa na Luanda. Majibu yaliyotolewa Desemba 2018 yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua, kuongezewa damu kumepungua, na vifo pia. Lakini ni dawa ya kupewa na daktari, na damu hupimwa kila mara. Usiinunue dukani ukampa mtoto kwa kukisia.

Kliniki ya selimundu iko katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Ukienda, chukua kitabu cha kliniki cha mtoto, na mwende wote wawili, baba na mama, kila mmoja akatolewe damu yake. Ukiulizwa umekuja kupimwa nini, sema umekuja kujua kama una AA, AS au SS, na uombe jibu lako kwa maandishi, ulihifadhi pamoja na barua ya shamba.